Shangazi Rosa Haitwi Mama

Mama mpendwa,

Natumaini mvua imefikia mahindi yetu ya Lugari. Huku Malinya, jana shangazi Rosa aliwachinjia wanawake wa kanisa jogoo wake. Wakaitana Mama Alusa, Mama Lumbasi. Msichana wa rika langu, mwenye mtoto mchanga, akamwamuru, "We Rosa, leta maji tunawe!" Kwa vile shangazi hakuzaa, haitwi mama.

Nikasema polepole, "Mwiteni Mama Imali."

"Na yule mama yako wa Lugari? Ama siku hizi unagawanywa?" mmoja wao akauliza.

Wakacheka. Shangazi akawanawisha wote.

Mama, mimi ndiye kifungua mimba wako, lakini nakuomba umwachie shangazi jina langu. Wewe utabaki Mama Benja, kwa jina la mdogo wangu anayenifuata.

Wabusu wadogo zangu.

Akupendaye,
Imali