Kabla ya Kumwaga Oili

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mtu wa bahati, na sioni haya kuandika. Nimezunguka. Nimeendesha malori hadi bandari ambazo majina yake yananishinda kutamka, nimelala hoteli zenye lifti, na sijaona mwanamume mwenye bahati kama yangu. Nina trekta yangu mwenyewe—ndogo, ya dizeli, tunaiita Kibonge—na nina mke ambaye hata akiondoka huacha ahadi. Kaenda mjini kwa dada yake, kushona kwenye kiwanda cha mashati. Lakini atarudi kabla sijamwaga oili nyingine. Ndivyo tulivyoagana. Wengine wanaachiwa kalenda, mimi nimeachiwa injini.

Oili ya Kibonge humwagwa na kuwekwa mpya kila saa mia. Siyo saa za ukutani, saa za injini, zile za kwenye mita pale mbele ya usukani. Filta ya oili, kitabu cha trekta kinasema unaweza kuibadilisha mara moja ukaruka mara moja. Mke wangu haruki. Yeye ndiye msomaji wa kitabu. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani.

Zimebaki saa thelathini na kitu. Si kitu.

Nyumba imetulia mno. Nimekula nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia. Kapokea shemeji. Yuko zamu, akasema. Nikamwomba amwambie Kibonge anamsalimia. "Kibonge au wewe, shemeji?" Nikasema sote wawili. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeambiwa asicheke.

Nimelima shamba la jirani, yule mama mjane anayefuga kuku. Bure. Akasema Mungu akuzidishie, mwanangu. Sikumwambia kwamba inayozidishiwa ni mita. Lakini hata bila mita ningelima—mgongo wake mbovu, na wanawe wote wako mbali. Kanijazia mayai kwenye kofia. Nimerudi nyumbani kichwa wazi, natembea kama bibi harusi.

Jumapili, 9 Machi

Nimevumbua! Kwa nini nisubiri kazi? Nimemwasha Kibonge uani baada ya chai, nikamwacha angurume polepole, nikakaa kibarazani kama bwana mkubwa anayesubiri ndege. Mpaka jua limegeuka. Nikaenda kuchungulia mita. Imesogea kidogo tu, kama mtu aliyelazimishwa.

Fundi kapita. Tunamwita Kidevu, kwa sababu ya ndevu asizokuwa nazo. Kauliza kama siku hizi nauza moshi. Nikamweleza hesabu yangu: saa zikiisha, oili inamwagwa, mke anarudi. Akacheka mpaka akashika tairi. "Bosi, mita ya hii haihesabu kama saa yako ya mkononi. Inafuata mzunguko wa injini. Ukiiacha isinzie hivyo, na mita nayo inasinzia." Halafu akasema kungurumisha bure namna hii si vizuri, injini haipati moto wake. Nikamwambia nimeendesha malori yeye akiwa bado hajanyoa. Akasema mpaka leo hajanyoa.

Ijumaa, 14 Machi

Kazi juu ya kazi. Nimevuta tela la matofali, nimelima hadi pembe ambazo jembe la mkono lilizisusa. Watu wanasema nimekuwa mkarimu. Wacha waseme.

Filta ya hewa nimeitoa nikaigongagonga kwenye kiganja, vumbi likapanda. Hapo ndipo mke wangu hupiga chafya. Kila mara. Halafu hunilaumu, kana kwamba vumbi nimelizaa mimi. Leo niligonga nikasubiri chafya. Nilisubiri kweli, filta mkononi. Mtu mzima.

Jioni nimepiga simu, kapokea mwenyewe. Sauti yake. Nikammwagia habari zote: mita, mayai, Kidevu. Akawa anasema mm. Mm. Nyuma yake mwanamke mmoja akamuuliza kama atachukua zamu za mwezi ujao. Nikapaza sauti ili yule asikie: hachukui, anarudi kwake.

Kisha akasema, taratibu, bila ugomvi, "Umenijibia tena, mume wangu."

Kweli ninayo tabia hiyo. Akiulizwa chai au kahawa, mimi nasema chai. Hospitali daktari akimuuliza panauma wapi, mimi naonyesha. Nilidhani ndiyo mapenzi yenyewe.

Jumatano, 19 Machi

Mita imefika. Mia imetimia.

Nimenunua oili, dumu jipya, na filta yake, nimeviweka juu ya meza kama wageni. Nimefagia uani. Nimevaa shati lenye kola. Basi la jioni limepita bila kupunguza mwendo.

Sikumwaga. Nikimwaga kabla hajafika, atakuwa amevunja ahadi. Siwezi kumfanyia hivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata akili. Kibonge asipotembea, mita haisogei. Mita isiposogea, mke wangu hajachelewa. Nimemfunika turubai mpaka magurudumu.

Mama wa kuku kaja, anataka kuvutiwa mbolea. Nikasema trekta inapumzika. Akatazama turubai, akanitazama mimi. "Na wewe, mwanangu?" Nikasema mimi ni dereva wake, tunapumzika pamoja. Akaenda zake pole pole na mgongo wake. Nimejisikia vibaya.

Kandambili zake bado ziko mlangoni. Za mke wangu, nasema. Nazikwepa kama zina mtu ndani.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Simu kimya. Nimetoka kukaza kamba ya turubai, ingawa ilikuwa imekaza.

Jumanne, 1 Aprili

Kidevu kaja. Katumwa na mama wa kuku, najua. Kafunua turubai bila kubisha hodi, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa suruali, akakichovya tena. Akaacha utani. Kidevu akiacha utani, kuna msiba.

"Imepita alama ya juu. Uliongeza?"

Nikasema sijagusa.

"Oili haizaliani, bosi. Hii ni dizeli imeshukia ndani, siku zile za kuisinziisha uani." Siku ile, nikasema. Akaniangalia. Basi, siku zile. Akaninusisha kijiti. Nimenusa oili za kila bandari, hii ilikuwa inanuka kama kituo cha mafuta. Nyepesi, inatiririka kama chai.

Nikajitetea: tangu ifike saa mia sijaizidisha, nimeisimamisha kabisa. Akasema oili haijui kwamba umeisimamisha. "Mkeo hakukusomea? Saa mia au mwaka mmoja, kinachotangulia. Oili inazeeka hata ikiwa imekaa. Humu kila kitu kina umri wake." Akafungua kikombe cha filta ya dizeli, akanionyesha maji yaliyotuama chini. Akataja oili ya haidroliki, akataja maji ya rejeta. Nikawa naitikia mm. Mm.

Akapunguza sauti. Ukienda nayo shambani hivi, unaiua injini, kaka. Na ukiiua injini, huna kazi. Unasubiri nini?

Mimi, wa kujibu kila swali hata nisiloulizwa, nikaanza kukunja turubai.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandikia uani, mgongo kwenye gurudumu la nyuma. Penseli inateleza.

Nimemwasha Kibonge kidogo tu—Kidevu kasema oili ikiwa na joto hushuka na uchafu wake—nikazima, nikaingia chini. Siku zote mke wangu hushika karai, mimi nashika spana. Oili ikianza kutoka huchovya kidole, akasugua na kidole gumba, akasema, "Hii imechoka," kwa huruma, kama anamzungumzia mtu. Leo karai nimelizuia kwa matofali. Nimechovya mwenyewe. Imechoka.

Filta ya zamani imetoka kwa taabu. Mpya nimepaka mpira wake oili safi, nikaikaza kwa mkono, siyo kwa spana. Hilo kanifundisha yeye. Zamani nilikuwa naikaza kama ninayemfungia mwizi.

Mama wa kuku kasimama nje ya ua, kaona karai, akasema haya, mwanangu. Akaenda. Kesho namvutia mbolea yake.

Kisha simu ikalia juu ya bodi ya trekta. Nikadhani Kidevu. Kumbe mke wangu. Ujumbe. Maneno mawili tu: "Umebadilisha oili?"

Nimeusoma mpaka kioo kimezimika, nikakiwasha tena. Sijui anauliza nini. Huenda anaulizia Kibonge, alimpenda. Huenda anataka kujua kama nimeacha kusubiri. Huenda Kidevu kampigia simu, yule hana siri. Nimeandika bado, njoo. Nikafuta. Nimeandika ndiyo, nikafuta na hiyo. Kidole kimeacha doa jeusi palepale penye jina lake.

Oili bado inatoka. Imekuwa uzi, sasa matone. Boliti ya kuzibia oili iko mfukoni. Sijairudisha.

Mimi ni hodari wa kusema, hata humu ndani ambamo hakuna msomaji. Niliandika kwamba ninayo bahati ya kuachiwa ahadi. Si kweli. Siku ile alikuwa amesimama mlangoni na begi, viatu vya safari mguuni, na aliyesema ni mimi: kabla sijamwaga oili nyingine utakuwa umerudi, sivyo? Alinitazama. Akatazama trekta. Hakusema ndiyo. Hakusema neno.

Nilimjibia.