Nyumba Alimolala Jasiri

Garissa,
9 Septemba 1996

Kwako mpenzi Mwikali,

Huku mimi ni mzima, na joto ni lile lile. Asubuhi bado nafunza mbwa wa kulinda maghala, mchana ni dalali wa nyumba. Sasa kazi hizo mbili zimegombana.

Mzee Abdisalam alinipa nyumba yake mpya nimtafutie mpangaji. Nikamlaza humo mbwa wangu Jasiri, wezi wasing'oe madirisha. Mama Bishara alipokuja kuiona, akakuta nyayo za mbwa sebuleni, akageuka bila kuvuka kizingiti. Miaka mitatu nimekaa na Waislamu hawa, na bado niliwaza wezi tu, nikasahau kwamba mbwa kwao ni najisi!

Nilingoja matusi. Mzee akaja na ndoo, akaosha sakafu mara saba, ya kwanza kwa udongo. Alipomaliza akaniuliza, "Morris, wewe nakaa na nani?"

"Na Jasiri."

"Wallahi, hiyo si maisha. Leta bibi yako. Hii nyumba mimi nawekea yeye."

Nikamwambia unakuja Desemba. Barua yako ya kuniacha ilikuwa mfukoni. Sikumtajia.

Bado wako,
Morris