Kuponi ya Jumamosi

Uriri, Jumatatu

Baba Bochaberi mpendwa,

Sisi huku ni wazima, na yule kuku mweupe ameangua vifaranga saba.

Wiki jana nilipigiwa simu kwamba nimeshinda safari ya Mombasa ya watu wawili, kwa kuponi iliyojazwa dukani Homa Bay siku ya Jumamosi. Niliwacheka. Sisi Wasabato tununue nini Jumamosi? Nikajua hao ni matapeli, nikaenda hadi hilo duka mimi mwenyewe niwaumbue mbele ya watu.

Meneja akanionyesha kuponi. Mwandiko ni wako. Na jina uliloandika ni langu, si lako.

Kwa hivyo safari ni ya kweli. Zile Sabato ulizoniambia unaimba kwaya huko Kisegi, hizo tutaziongea ana kwa ana.

Walitaka tusafiri Jumamosi hii. Nimekataa, wakaisogeza hadi Jumapili. Ijumaa, kabla jua halijatua, nikuone hapa nyumbani. Kesho yake utakaa kando yangu kanisani, benchi la mbele kabisa. Mombasa itatungoja siku moja.

Mkeo,
Mellen