Hadithi Yangu Mikononi mwa Bertha

Iringa, Jumanne, Julai 1956

Nimechoka, hata kuvua viatu siwezi. Jana nilikaa siku nzima ndani ya basi kutoka Mbeya ili niwasomee waandishi wenzangu hadithi yangu ya watoto, kumbe baba mkwe naye amealikwa! Kwetu Wanyakyusa, mke haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Nikampa mdogo wangu Bertha, niliyesafiri naye, karatasi zangu, nikajibanza nje ukutani.

“Dada, fisi anaongeaje?”

“Kwa pua, Bertha. Usisahau.”

Akasahau. Alimsoma fisi kama tangazo la kanisani. Hakuna aliyecheka, na kati ya hadithi zote zilizosomwa leo ni moja tu itakayochapwa.

Kisha nikamsikia mzee: “Mwiteni mkwe wangu asome mwenyewe. Mimi natoka.”

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikaingia, nikasoma mwenyewe. Fisi alipofungua kinywa, wa kwanza kucheka alikuwa nje ya dirisha.