Funguo za Lori Zimerudi

Baba watoto,

Maharage yako kwenye sufuria ya kijani, yapasheni moto tu. Kile kichupa bafuni ni maji ya lenzi zangu, mtu asidhani ni dawa ya masikio.

Nimepitia kuchukua begi, naondoka na lori. Ndiyo, lori. Asubuhi nimepimwa macho upya kazini, nikasoma ubao mpaka mstari wa chini, wenye herufi kama sisimizi. Msimamizi akauliza kama nimeukariri. Nikamwambia, "Lete ubao mwingine." Akaleta, nikausoma nao. Akanirudishia funguo za lori alizoninyang'anya niliposhindwa kipimo cha kwanza.

Kumbe haukuwa uzee, kama mlivyokuwa mkinitania. Daktari wa macho alisema kioo cha mbele cha jicho langu si cha mviringo kama mpira, kimevutika kama yai, ndiyo maana taa za barabarani zilitawanyika na namba zikawa mbilimbili. Miwani ya kwanza haikufua dafu. Lenzi hizi za kuvaa juu ya jicho zimechongwa kufuata umbo la jicho langu, na zina uzito kidogo upande wa chini zisizunguke.

~~Bado nimekasirika.~~ Yameisha. Ila usiwaambie tena watoto kwamba mama yao amestaafu. Iliniuma.

Binti amalize hesabu zake. Mlango mfunge kwa komeo.

Alfajiri nilikutazama ukiwa umelala. Una mvi kwenye nyusi, sikuwa nazijua. Zimekupendeza.

Mama watoto, dereva