Ayeeyo Amekula Maharagwe

Hadado, Jumanne

Amekula! Nimefurahi mno hata usingizi hauji.

Tangu serikali ituletee mahindi na maharagwe ya msaada, nyumba ya jirani yangu Habiba ina magunia lakini watu wanalala njaa. Mbuzi wao walikufa na ukame, na maharagwe hawajayazoea. Mara ya kwanza aliyapika yakabaki magumu, watoto wakaumwa na tumbo. Mama mkwe wake, ambaye hata mimi namwita Ayeeyo, yaani bibi, kama wajukuu zake, akaapa hayagusi tena. Akawa anakunywa chai tu, akazidi kudhoofika. Niliogopa sana.

Jana nikamwambia Habiba, "Kwetu Kitui tumelelewa na haya. Lete sufuria tuyaloweke."

"Mwalimu, hii ni mawe," akasema, lakini akaleta.

Leo baada ya shule tumeyachemsha na mahindi mpaka yakalainika kabisa. Mimi nilitaka kutia chumvi tu. Habiba akanisogeza kando, akamimina samli kidogo iliyobaki na viungo vyake. Harufu ikajaa ua mzima!

Ayeeyo akaonja huku amekunja uso. Kisha akasukuma sahani mbele. "Habiba, ongeza. Na huyu mwalimu mpe nyingi, wallahi ni mifupa mitupu."

Tulicheka hadi machozi.

Lori la msaada litarudi lini, sijui, na hilo linanisumbua. Lakini kesho majirani wanakuja na sufuria zao, na atakayewafundisha ni Habiba.