Mama Mkwe Auliza Ninafukuzwa na Nani

Mpendwa Mama Apolonia,

Pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu, naomba msaada wako na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mimi ni mwanaume mwenye mke na watoto, naishi Bariadi mjini, ni mtunza stoo kwenye kinu cha kuchambua pamba, kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu baba yetu kule Mwandoya alifariki akiwa amekaa. Alikuwa kwenye kiti chake barazani anakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kiharusi kikamchukua pale pale bakuli likiwa mapajani, na wala hakuwa mgonjwa, alikuwa anajisikia vizuri kabisa hata vidonge vyake vya presha alikuwa ameshaviacha viko juu ya kabati, na tangu siku hiyo mimi nikikaa muda mrefu moyo unanienda mbio. Kile kiti nilikileta Bariadi baada ya matanga, kipo sebuleni, hakikaliwi, mke wangu Lukresia akikikalia kuchambua mchele namwinua.

Mwaka jana na mimi nikapimwa presha ikakutwa iko juu, daktari akanipa vidonge na akasema nifanye mazoezi, nikajiunga na klabu ya jirani yangu Selestini inayoitwa Hatupoi Joging Klabu, labda umewahi kutusikia tukipita na filimbi kabla jogoo hawajaamka. Selestini zamani alikuwa golikipa wa timu ya wilaya, ni mtu mwenye msimamo, kwake hakuna siku ya kupumzika, anasema anayepumzika anafanya majaribio ya kufa, na asiyetokea asubuhi anawekewa picha ya kitanda kwenye grupu la WhatsApp halafu wenzake wanaandika chini rambirambi. Mimi kitanda sijawahi kuwekewa, Mama. Nimekimbia Krismasi, nimekimbia nikiwa na malaria, nimekimbia mvua ile iliyobomoa choo cha jirani, na nilipoona nina nguvu namna hiyo vidonge vya presha niliachana navyo, maana mtu anayekimbia kila siku presha ataitoa wapi.

Sasa mwaka huu baba mkwe akafariki kule Maswa, tukaenda kwenye msiba, na mimi nikaona siwezi kukatisha, nikaamka alfajiri nikavaa bukta ya klabu, ile ya kubana, nikawa nazunguka kaya yao nje ya uzio ili nisisumbue wafiwa. Nilipokata kona ya zizi nikakutana uso kwa uso na mama mkwe mwenyewe ana ndoo kichwani anatoka kisimani na kina mama wengine, na wewe unajua kwetu mkwe na mkwe hata njia huachiana, yule mama akaitua ndoo, akanipa mgongo, akasubiri, mimi nikaongeza kasi ili yaishe. Baadaye akamwita mke wangu faragha, wala hakugomba, akamuuliza tu, "Ng'wanawane, mwanangu, mumeo anafukuzwa na nani?" Swali likasambaa, na mpaka leo ndugu zake wakinipigia simu wananiuliza kama nimeshakamatwa.

Baada ya pale ukaanza kuniuma muundi wa mguu, mahali padogo tu kama dole gumba, nikawa nanunua diklofenaki duka la dawa nameza kabla ya kukimbia na ilikuwa inanisaidia, lakini juzi nilishindwa kushuka ngazi za stoo nikaenda hospitali, wakapiga eksirei, daktari akasema mfupa umeanza kupata ufa na nisikimbie mpaka atakaponiruhusu, la sivyo utavunjika kabisa na ninaweza kubaki na mguu mbovu. Nilipomweleza Selestini akasema ufa ni wa ukuta, mfupa wa mwanaume unakazwa kwa barabara, na Jumamosi klabu ina mbio ndefu kwenye barabara ya Maswa na mimi ndiye niliyeteuliwa kubeba bendera.

Lukresia alipojua akaficha raba zangu kwenye debe la mahindi. Nilizipata, na kwa hasira nikamwambia anataka nikae kwenye kile kiti nife kama baba ili abaki na nyumba, na tangu nimeitoa kauli hiyo haongei na mimi, anatenga chakula anaondoka. Mdogo wangu Bujiku naye, ambaye ndiye anaangalia ng'ombe zetu Mwandoya, alikuja kuleta mahindi akaona navyochechemea akacheka, akasema, "Kaka, ng'ombe anapumzika, wewe je?" Nikamfukuza. Yaani mimi nilinganishwe na ng'ombe, tena na Bujiku huyo huyo ambaye msimu uliopita nilimshtaki mbele ya ukoo akatozwa beberu kwa kulima na maksai wangu anayeitwa Diwani mfululizo bila kumwachia hata siku moja, mpaka nira ikamtoa kidonda shingoni. Siku ile niliongea mpaka wazee wakasema mtoto huyu ana akili.

Mama, naomba uniambie ukweli, mazoezi ya kila siku ni afya au mtu anatakiwa apumzike, na nikipumzika hiyo presha si itanikuta nimekaa, na je, Jumamosi nikimeza diklofenaki mbili nikakimbia taratibu bila mke wangu kujua kuna ubaya?

Ni mimi,
Mwandu, Bariadi

MAMA APOLONIA ANAJIBU

Mwandu, pole ya mguu. Nasema ya mguu, wewe mwenyewe subiri kwanza.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mto, nikanyanyuka kuchemsha chai, nikarudi kukaa nikaisoma tena, na mpaka sasa niko hai. Nakueleza hilo ili utulie, maana naona hata kuandika umeandika kwa mbio, nukta zenyewe umezisahau njiani.

Swali lako la kwanza ni zuri, nalijibu kwa heshima. Mwili unatakiwa kuchangamshwa kila siku, hilo halina ubishi. Tembea, palilia, nenda sokoni kwa miguu, chota maji walau ndoo moja ili Lukresia apumue. Lakini kukimbia kwa nguvu barabara ya lami, mtu uliyezoea kukaa stoo, si jambo la kila siku ya Mungu. Ukikimbia, misuli na mifupa inachakaa kidogo, na ukipumzika ndipo inajijenga ikawa imara kuliko jana. Wewe hujawahi kuipa nafasi ya kujenga, umekuwa unabomoa tu kila alfajiri kwa filimbi. Haya nimeyathibitisha kwa daktari mmoja ninayemwamini. Alicheka sana nilipomsimulia habari ya bukta, akaacha kucheka nilipofika kwenye vidonge.

Ila hukuhitaji daktari wala mimi, kwa sababu jambo hili ulilijua zamani. Ulisimama mbele ya ukoo mzima kumtetea Diwani. Uliwaeleza wazee kwamba maksai asipofunguliwa nira anakula nguvu ya kesho, sijui kama ulitumia maneno hayo lakini ndiyo yanayosemwa, na mdogo wako akatoa beberu. Kumbe ungekuwa na miguu minne na mkia ungetetewa. Bujiku hakukutukana alipokulinganisha na ng'ombe, alikupandisha cheo, kwa sababu hapo ulipo Diwani anatunzwa vizuri kuliko wewe, na mwenye kosa la kutokukutunza ni wewe mwenyewe.

Huyo Selestini simfahamu na sitaki kumsema vibaya. Naomba tu unieleweshe, baba wa watu ujana wake wote aliumaliza amesimama katikati ya milingoti miwili, leo ndiye bingwa wa kukimbia? Na shahada ya mifupa aliipatia goli lipi? Mtu akiambiwa na daktari mfupa una ufa, halafu akaenda kuuliza maoni ya golikipa, anachotafuta si ushauri. Anatafuta wa kumruhusu.

Kuhusu diklofenaki. Mwandu, vidonge hivyo vya maumivu vinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa mtu akivimeza kiholela kama karanga. Kwa hiyo ulikuwa unaamka, unameza cha kupandisha presha, halafu unatoka nje kukimbia ili ishuke, na cha kuishusha umekiacha nyumbani. Wazee wana msemo wa mtu aliyeruka mkojo akakanyaga mavi, wasomaji mnisamehe, leo sikupata msemo mwingine. Na maumivu hayo uliyokuwa unayazima ndiyo mfupa ulivyokuwa unakuita. Kwa hiyo Jumamosi usimeze mbili, wala moja, wala nusu.

Nije kwa mama mkwe. Mwanamke amefiwa na mume, anatoka kisimani na uchungu wake, anakutana na mkwe wake wa kiume amebanwa na bukta anazunguka zizi. Angeweza kupiga yowe. Angeweza kumwambia binti yake arudi nyumbani. Yeye akauliza swali moja tu, na katika watu wote wa barua yako, pamoja na hilo grupu lenu la rambirambi, ni yeye peke yake aliyeuliza swali la maana. Mkaligeuza mzaha. Mimi limenikosesha raha tangu nilipolisoma.

Unafukuzwa na nani, Mwandu?

Nadhani najua, na hapa naacha kukucheka kwa muda. Ulimpenda baba yako. Ulimkuta na bakuli mapajani, au ulisimuliwa, na tangu siku hiyo hujaketi ukatulia. Ukaona kiti ndicho kilichomuua, ukakileta Bariadi ukakiweka sebuleni kama mshtakiwa, na ili kisikupate ukaamua kutokukaa. Hofu hiyo naielewa, na mimi nimezika wazazi wote wawili. Si jambo la kuonea aibu.

Lakini ulipoandika habari za kifo chake kuna mahali ulipita kwa kasi ile ile uliyompita nayo mama mkwe. Rudi hapo ukaisome barua yako. Umesema baba alikuwa anajisikia vizuri, hata vidonge vyake vya presha alikuwa ameshaviacha viko juu ya kabati. Kiti kimekosa nini hapo? Kiti kilimpokea tu. Presha haimwambii mtu kwamba imepanda, inakuacha ujisikie vizuri mpaka siku inapoamua, na ndiyo maana vidonge humezwa na aliye mzima anayecheka na kula michembe. Na wewe vyako, kwa mkono wako mwenyewe umeandika kwamba uliachana navyo kwa sababu una nguvu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado halijafa, kwa hiyo nalipigia kelele.

Lukresia umemtendea vibaya. Mwanamke ametoka kumzika baba yake juzi, anarudi nyumbani anamwona mumewe anachechemea kuelekea huko huko, anaficha raba kwenye debe la mahindi kwa kuwa hana silaha nyingine, na wewe unamwambia anataka nyumba. Nyumba gani hiyo yenye kiti kisichokaliwa? Leo hii, kabla hujaenda popote, muombe msamaha, tena kwa maneno, usikohoe kohoe mlangoni ukadhani umeomba.

Baada ya hapo rudi hospitali. Umwambie daktari mambo mawili uliyomficha, diklofenaki na vidonge ulivyoacha, upimwe presha upya na ufuate atakachosema. Bendera mrudishie Selestini aibebe mwenyewe, mikono anayo, alikuwa anadakia. Wakikuwekea picha ya kitanda, andika chini yake kwamba umekiona, kinaonekana kizuri, na ndiko unakoelekea. Siku daktari atakapokuruhusu kukimbia, anza kidogo, kimbia leo, kesho tembea tu, keshokutwa ndiyo ukimbie tena, na siku mwili ukiuma mahali pamoja pale pale, simama. Kama klabu haitaki mtu wa namna hiyo, barabara ni ya serikali, tembea na mkeo.

Halafu mwite Bujiku. Kesi yako aisikilize yeye, na asikuonee huruma. Akutoze beberu kwa kumlimisha baba wa watoto bila kumfungulia nira, na beberu huyo apelekwe Maswa kwa mama mkwe, kwa kupitia mtu mzima anayejua kuongea. Wewe ukae nje ya uzio na suruali ndefu mpaka uitwe.

Na Jumamosi, filimbi itakapopita nje, nataka uwe umekaa kwenye kiti cha baba yako. Mwombe Lukresia akae karibu na ungo wake wa mchele, kama atakuwa ameshakusamehe. Mwaka mzima umekimbia, Mwandu, jua na mvua, Krismasi na matanga, na umefika pale pale alipokuwa baba yako siku ile, na vidonge viko juu ya kabati. Tofauti ni kwamba wewe mkono wako bado unanyanyuka. Vichukue.

Mama Apolonia